Uma uliopigwa tupa: miaka 27 ya mtunzi na piano ya baba yake

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Mwalimu amesimama katikati ya jukwaa, viatu kavivua, uma wa chuma wa kupimia sauti mkononi. Anaugonga gotini. Anausogeza sikioni. Kisha anainama, anabonyeza kibonye kimoja tu cha ile piano kubwa nyeusi ya ukumbi, anasikiliza, anakunja uso.

Anarudia. Gotini, sikioni, kibonye. Wapiga nyuzi wanne, wawili wa fidla, mmoja wa viola na mmoja wa selo, wanamtazama.

"Nani kafanya kazi hii?" anauliza.

Fundi wa ukumbi, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyoungwa kwa waya, anatokea nyuma ya pazia akijifuta mikono. "Mimi, Mwalimu. Jana kutwa nzima nilikuwa hapa."

"Basi jana kutwa nzima umeharibu! Nyuzi umezikaza mpaka zinalia. Uma huu hapa, sikiliza mwenyewe!"

Kumwambia fundi wa piano mbele za watu kwamba hajui kupatanisha sauti ni kama kumwambia mpishi mbele ya wageni kwamba kawalisha kilichooza. Fundi anaupokea uma, anaugonga, anausikiliza. Anausogeza dirishani penye mwanga, anavua miwani, anauchunguza pale chini, kwenye shina, meno mawili yanapogawanyikia.

Anakaa hivyo kitambo. Anaporudi, sauti yake ni ya mtu aliyetumwa kupeleka habari za msiba.

"Mwalimu, huu uma umepigwa tupa."

"Umepigwa nini?"

"Tupa, Mwalimu. Umesuguliwa hapa shinani. Tena siyo mara moja. Na aliyefanya alijua anachokifanya."

Mwandishi wa habari hizi alikuwa amekaa safu ya tatu, kalamu mkononi. Alikwenda pale kuandika habari nyepesi: mwalimu wa shule ya msingi anayetunga muziki wa piano baada ya saa za kazi, picha moja, maneno mia tano, basi. Kalamu ilimwanguka, na kwa jinsi ukumbi ulivyokuwa kimya, kila mtu aliisikia ikigonga sakafu.

Fundi alichomoa uma wake mwenyewe mfukoni mwa aproni. Akaugonga huu, akaugonga ule, akaviweka vyote viwili karibu na sikio la Mwalimu. Hata asiyejua muziki angesikia. Uma wa Mwalimu ulikuwa chini, chini kwelikweli, na sauti zile mbili zilipokutana zilitetema kama mlango usiofungika vizuri.

"Uma huu umeutoa wapi, Mwalimu?" akauliza mpiga fidla wa kwanza, msichana ambaye wenzake humwita Sindano kwa wembamba wake. Mwalimu ndiye aliyemfundisha noti zake za kwanza, akiwa na miaka saba.

"Kwa Baba."

Wote wakatazama chini. Maana baba yake si mtu wa kuulizwa ni nani. Ni Mzee Uma, fundi aliyetengeneza piano za makanisa, shule na hoteli kwa miaka hamsini na zaidi, na ambaye nusu ya mafundi wa mji wamepita mikononi mwake. Fundi wa ukumbi ni mmoja wao.

"Nilipoona ile mistari ya tupa niliujua mkono," fundi alisema baadaye. "Mzee ndiye aliyenifundisha kushika tupa. Nilitamani niwe nimekosea, wallahi nilitamani."

Mwalimu naye anasema alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikusanya karatasi zake, akavaa viatu vyake, cha kushoto mguu wa kulia, akatoka.

* * *

Ili msomaji aelewe kwa nini mama wa miaka hamsini na mmoja alitoka ukumbini akiwa amevaa viatu kinyume, ni lazima aijue kazi yake.

Asubuhi Mwalimu hufundisha kuimba katika shule ya msingi yenye kinanda kimoja cha umeme na madarasa kumi na manne. Alasiri hupiga piano kwenye darasa la dansi, watoto wakinyoosha miguu yeye akihesabu moja, mbili, tatu. Jumamosi kuna harusi, na kama hakuna harusi kuna maziko. Kwa wiki huwa anapiga piano saa thelathini na mbili kwa ajili ya watu wengine.

Kwa ajili yake mwenyewe amejiwekea saa mbili kila siku, kuanzia saa kumi na moja jioni. Hapo haitiki simu, hafungui mlango. Kuna piano ya ukutani, kuna penseli, kuna vifutio viwili. Ndani ya saa hizo mbili ametunga kazi thelathini na nne kwa miaka ishirini na saba: za piano peke yake, za sauti na piano, za fidla, na moja ndefu ya kwaya isiyo na mwisho kwa sababu kwaya yenyewe ilivunjika.

Namna yake ya kutunga ni moja, na hajawahi kuibadili. Anabonyeza, anaimba alichokisikia, anabonyeza tena, anaandika. Mstari mmoja unaweza kula wiki nzima.

"Wapo wanaotunga kichwani wakiwa wamekaa kwenye benchi," anasema. "Mimi siandiki nisichokisikia. Piano yangu ikikataa, nami nakataa."

Kazi ya karibuni kabisa, aliyoombwa na Sindano na wenzake watatu, ilimchukua miezi kumi na minne. Malipo yake yanalingana na mshahara wa wiki mbili za kufundisha. "Mimi ningewalipa wao," anacheka. "Lakini usiliandike hilo, watakuja kudai."

Kazi hiyo inaitwa Chumba cha Nyuma. Ni ya piano na nyuzi nne, na jina lake limetokana na chumba anacholala baba yake.

Lakini kulikuwa na jambo, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kwa miaka. Kazi zake zikitoka nje ya nyumba, zinachacha.

Katika zile thelathini na nne, tano tu ndizo zilizowahi kupigwa mbele za watu. Kila mara ilikuwa vilevile. Nyumbani wimbo una kifua, una uzito, unatembea polepole kama mtu mwenye hadhi yake. Ukiupeleka kwenye ukumbi, kwenye piano ya watu, unaanza kuongea kwa pua. Wasikilizaji wanapiga makofi ya adabu. Mwalimu anarudi nyumbani, anafungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda, anatumbukiza karatasi humo, anafunga.

"Nilikuwa najisikia kama mama ambaye mtoto wake ana akili nyumbani tu, akifika shule anakuwa bubu," anasema. "Mwisho unasema basi, labda nyumbani nilikuwa najipendelea. Labda sijui kutunga. Watu wamenistahi tu."

Je, hakuwahi kuishuku piano yake? Aliishuku, tena zaidi ya mara moja. Alisikia wazi kwamba kile kinanda cha shuleni kiko juu kuliko chake. Ndipo alipokuwa akiuchukua uma, ambao Baba alimpa pamoja na piano na ambao ulitundikwa kwenye msumari ukutani. Anaugonga gotini, anabonyeza kibonye. Uma na piano vinakubaliana kama ndugu. Basi anajua nyumbani kuko sawa, na dunia ndiyo iliyokaza.

Na Baba alikuwa na jibu tayari. "Siku hizi wanakaza ili zing'ae," alikuwa akimwambia. "Mtindo huo. Wewe usiwafuate." Tena alimwekea sheria: uma usitoke chumba cha piano. Uma ukitembezwa juani, eti, unapoteza sauti yake.

Miaka ishirini na saba Mwalimu aliishika sheria hiyo. Chumba cha Nyuma kilipochacha nacho kwenye zoezi la kwanza, alimwambia Sindano maneno ambayo Sindano hakuyapenda. "Hii ni ya sita. Ikinigomea hii, naliuza lile sanduku pamoja na vilivyomo. Nabaki na watoto wangu wa shule."

Wiki iliyofuata aliuchomoa uma kwenye msumari, akaufunga kwenye leso, akautia mkobani. Alitaka kujua mara moja tu katika maisha yake nani mwenye kosa.

Alijua.

* * *

Siku hiyo alifika nyumbani adhuhuri. Mzee Uma, mwenye miaka themanini na tatu, alikuwa kwenye kiti chake mlangoni pa chumba cha nyuma, akichonga penseli kwa kisu. Kila siku humchongea binti yake penseli nne, hazizidi hazipungui, na kuzipanga juu ya piano.

Mazungumzo yao Mwalimu anayakumbuka neno kwa neno, na baba yake hakukanusha hata moja.

Aliuweka uma mezani. "Baba, huu uma una nini?"

Mzee hakuinua macho. "Una miaka mingi."

"Baba."

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Kaa chini kwanza, mama."

"Sikai! Umeupiga tupa uma wangu? Wewe? Wewe uliyekuwa ukitupigia kelele tukiushika kwa mikono ya mafuta?"

Mzee aliweka penseli pembeni, akashika ukuta, akainuka. Alichukua bisibisi kutoka mfuko wa shati, maana fundi huyu hata akiwa amestaafu hatoki bila bisibisi, akaenda hadi kwenye piano, akapiga magoti kwa shida. Akafungua skrubu nne za ubao wa chini, ule ulio karibu na pedali, akauegemeza ukutani.

"Soma," akamwambia.

Mafundi wa piano wana desturi yao. Fundi akimaliza kazi, huandika kwa penseli ndani ya piano, mahali ambapo mwenyewe hafiki: tarehe, alichofanya, na alama ya jina lake. Ni barua kwa fundi atakayekuja baada yake. Piano kongwe huwa na maandishi ya watu wasiojuana, waliokufa zamani. Mpigaji hafungui ubao ule. Huko ni kwa fundi.

Mwandishi ameyaona maandishi hayo kwa macho yake. Ni mistari kumi na mmoja, mwandiko wa mtu mmoja. Wa kwanza una tarehe ya miaka ishirini na saba iliyopita: "Nimeona ufa kwenye fremu. Nimeshusha kidogo. Asijue."

Wa pili, mwaka uliofuata: "Ufa umetambaa upana wa ukucha. Nimeshusha. Uma pia. Asijue."

Na kuendelea hivyo. Nimeshusha. Nimeshusha tena. Mstari wa mwisho, wa miaka saba iliyopita, unasema: "Ufa umetulia. Naacha hapa. Asijue."

Kumi na moja! Mwandishi alihesabu mara mbili, na hata sasa akiandika anajikuta anatikisa kichwa.

Mwalimu alikaa sakafuni palepale, mkoba begani. "Sikulia," anasema. "Nilipigwa na butwaa tu. Nilikuwa nasoma lile neno, asijue, asijue, na nawaza: huyo asiyejua ni mimi. Miaka yote hiyo ninakaa hapa juu napiga, na hapa chini, karibu na magoti yangu, imeandikwa kwamba nadanganywa."

* * *

Mzee Uma anaongea taratibu, na swali hulisogezea sikio la kulia, ambalo bado linasikia.

Piano ile aliinunua kutoka hoteli moja iliyokuwa ikifunga milango. Binti yake alikuwa na miaka ishirini na nne na ndiyo kwanza ameanza kutunga, akiazima piano ya kanisa asubuhi kabla ya watu wa usafi kufika. Mzee alitoa akiba yote aliyokuwa nayo. Aliikagua piano mwenyewe, akaigonga, akaipitisha.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kuwakagulia watu," anasema. "Nilimwambia mbele ya majirani: piano nzima, haina ila. Wiki mbili baadaye namulika tochi, naona rangi imepanda kidogo kwenye mkono wa fremu. Nakwangua. Ufa! Umejazwa, umepakwa rangi, umenyamazishwa. Nimeuziwa maiti."

Piano ina nyuzi zaidi ya mia mbili, na zote kwa pamoja huivuta fremu ya chuma kwa nguvu ya tani nyingi. Fremu yenye ufa ukiikaza sawasawa inaweza kupasuka kwa kishindo na isitengenezeke tena. Njia ni moja: kulegeza nyuzi, sauti ishuke, chuma kipumue.

"Si ungemwambia tu?" mwandishi aliuliza.

"Ningemwambia nini? Kwamba fundi mkubwa kapigwa changa la macho kama mtoto? Kwamba hela zimekwisha na piano ni mbovu? Angeniambia Baba irudishe, sitaki. Angeacha. Namjua mwanangu, angeacha palepale."

Kilichobaki kilikuwa uma. Binti alikuwa na tabia ya kuhakikisha kila kitu kwa uma, tabia aliyofundishwa na baba mwenyewe. Piano ikishuka na uma ukabaki, siri imevuja. Uma ukisuguliwa kwenye ncha za meno, sauti hupanda. Ukisuguliwa shinani, hushuka. Basi kila baada ya kulegeza nyuzi, Mzee aliuomba uma.

"Alikuwa anasema anakwenda kuusafisha," Mwalimu anaeleza, na hapa anashindwa kujizuia, anacheka kwa uchungu. "Miaka yote nilikuwa najisifu kwa watu kwamba baba yangu anapenda usafi!"

Kicheko hicho kilichelewa. Siku tisa za kwanza hakukuwa na cha kuchekesha. Mwalimu alipika, akaweka sahani ya baba yake mezani, akaondoka. Penseli nne zilizochongwa zilikuwa zikilala juu ya piano bila kuguswa, zikawa nane, zikawa kumi na mbili.

"Alikuwa ananisalimia kama anavyomsalimia karani wa benki," Mzee anasema. "Shikamoo, halafu kimya. Bora angenitukana."

Mwalimu hajutii ukimya ule. "Watu wananiambia, lakini alifanya kwa upendo. Sawa. Nani kakataa? Lakini nimezizika kazi zangu zikiwa hai. Kazi tano nimezitia sandukuni kwa mikono yangu, nikamwomba radhi kila aliyezipiga. Nilijiita mjinga kwa kosa lisilo langu. Upendo huo nao ungeniuliza kwanza."

* * *

Siku ya kumi, Jumapili alasiri, Sindano alibisha hodi akiwa na fidla yake. Alisema amekuja kusalimia. Lakini hakukaa sebuleni. Alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, kama mtu wa nyumbani, akalivuta sanduku la bati.

Alitoa kazi ya fidla na piano iitwayo Barua Tatu, iliyopigwa mara moja tu, miaka kumi na tisa iliyopita, na kufungiwa jioni ya siku ileile. Alianza kuipiga peke yake, fidla ikiwa kwenye sauti ya ukumbini. Mwalimu aliziba masikio.

"Umesikia? Pua hiyo!"

Sindano aliuchukua uma uliopigwa tupa, akaugonga, akaanza kulegeza nyuzi za fidla yake mmoja baada ya mwingine mpaka zikakubaliana nao. "Sasa kaa kwenye piano, Mwalimu," akasema. "Pamoja."

Walipiga ukurasa wa kwanza. Katikati ya wa pili, mikono ya Mwalimu ikaacha kupiga.

"Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa hasira," anasema. "Huu wa pili ulininyang'anya pumzi. Wimbo ulikuwa mzuri. Haukuwa na kosa! Fidla ilikuwa na kifua, unanielewa? Kwa mara ya kwanza chombo kingine kilikuwa kinaongea na piano yangu kwa sauti ya nyumbani. Nikajiuliza: kumbe najua? Miaka yote hii, kumbe nilikuwa najua?"

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu ya mlango. Sindano ndiye shahidi wa maneno yaliyofuata.

"Ningekwambia, ungeacha," Mzee alisema.

"Ungeniambia," binti yake akajibu bila kugeuka, "ningeacha kujilaumu."

Mzee alitikisa kichwa mara moja, kukubali, akarudi chumbani kwake. Baada ya muda Mwalimu alichukua penseli moja kati ya zile nyingi juu ya piano, akaijaribu ncha kidoleni, akaandika jambo kwenye ukurasa wa kwanza wa Barua Tatu.

Je, amemsamehe? Swali hilo analijibu kama mtu anayesahihisha daftari. "Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine bado naifanyia kazi. Asiniharakishe."

* * *

Kesho yake alikwenda ukumbini, akamwomba fundi radhi mbele ya wapigaji walewale wanne, maana matusi ya hadharani hayafutwi chemba. Kisha akamwomba jambo lililomtoa fundi jasho: aishushe ile piano kubwa hadi sauti ya uma wake.

"Ile? Siigusi hata kwa mtutu wa bunduki," fundi alisema. Nyuzi za piano nzuri zikishushwa kiasi hicho, huchukua miezi kutulia tena.

Ungeweza kufikiri kwamba dawa ni kuandika upya noti zote, hatua moja chini. Mwalimu alijaribu. Haikuwezekana, kwa sababu ufa haukujali kanuni za muziki: piano ya nyumbani imeshuka zaidi ya nusu toni lakini haikufika toni nzima. Imetua katikati, kati ya kibonye na kibonye, mahali pasipo na noti ya kuandika.

Ndipo fundi alipokumbuka piano ya akiba, iliyokaa stoo miaka sita ikiwa imebebeshwa viti vibovu. "Ile ni yako, Mwalimu. Ishushe mpaka kaburini ukitaka. Ila mikono yangu peke yake haitoshi. Nataka sikio la Mzee."

Alhamisi hii asubuhi mwandishi amewakuta watatu stoo. Fundi ameshika ufunguo wa kukazia nyuzi. Mzee Uma amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, sikio la kulia limegusa mbao, macho kafumba. Mwalimu anabonyeza.

"Bado," Mzee anasema. "Bado. Usiwe na pupa, kijana, nilikufundisha pupa mimi? Shusha. Shusha tena. Hapo! Uache hapo."

Kibonye kwa kibonye, themanini na nane. Wameanza saa mbili. Saa saba wanakunywa chai kwa vikombe vya plastiki bila kukaa.

Jumamosi saa kumi alasiri Chumba cha Nyuma kitapigwa, na wapiga nyuzi wanne watalegeza nyuzi zao zikubaliane na piano ya stoo. Meneja wa ukumbi ameshaambiwa kwamba wataalamu watakaokuja watadhani kuna kosa. Mwalimu anasema waje tu.

Lakini Jumamosi ndiyo mwanzo. Sanduku la bati sasa liko sebuleni, limefunguliwa. Juu ya kila kazi, kuanzia Barua Tatu, Mwalimu anaandika kwa penseli maneno yaleyale: Ipigwe kwa uma wa Baba. Fundi wa ukumbi amekubali kumtengenezea nakala tano za uma huo, zilizopigwa tupa kwa kipimo kilekile. Atakayeomba kazi ya Mwalimu, popote alipo, atapokea bahasha yenye karatasi na uma.

"Nina miaka hamsini na mmoja na ndiyo kwanza nasikia sauti yangu," anasema. "Thelathini na nne zipo. Ya thelathini na tano nitaianza Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Hodi nisiisikie."

Kibonye cha mwisho kinakubali saa tisa na nusu. Fundi anajinyoosha mgongo. Mzee Uma anaomba penseli, na kama ilivyo desturi, anainamia ubao wa chini uliofunguliwa, ambako kuna maandishi ya mafundi watatu waliomtangulia. Anaandika polepole, kisha anasogea pembeni ili binti yake apate nafasi.

Mwalimu anapiga magoti. Kuna tarehe ya leo, kuna alama ya jina la baba yake, na katikati kuna maneno mawili.

"Nimeshusha. Anajua."

Anayasoma, anayasoma tena. Kisha anarudisha ubao mahali pake, anakaza skrubu zote nne, na kumshika baba yake mkono waende nyumbani wakapumzike, maana Jumamosi kuna kazi.